Tanuri Ambalo Halipo Upare

Mama yangu aliniuliza kwenye simu tanuri lile lilikuwa na upana gani, na kama matofali ya kuchoma yangefaa au ni lazima lijengwe kwa mawe. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayepanga kazi. Kijana wa jirani anajua kufyatua matofali, alisema. Mvua zikikatika anaweza kuanza, na sisi tukifika mwezi wa saba mjukuu wake atalikuta limeshakauka.

Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu, Akalla, huku Sweden, Jumapili mchana, sufuria ya makande ikichemka mbele yangu. Nilipunguza moto ili nipate cha kufanya. Tanuri alilotaka kulijenga mama yangu lipo kwenye kijiji kimoja cha Ufaransa. Mimi ndiye niliyelihamishia Upare, kwa mdomo, mbele ya watoto, na mmoja wa watoto hao alikuwa wangu.

Ilikuwa hivi. Mara moja kwa mwezi, sisi tunaozungumza Kiswahili upande huu wa mji tunakutana kwenye chumba cha chini cha jengo letu. Kuna Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, na kila mtu anakuja na Kiswahili chake na chungu chake. Watoto wetu wanatujibu Kiswidi. Kwa hiyo tulijiwekea utaratibu: kabla ya kula, mzazi mmoja anakaa na watoto wote pembeni na kuwaeleza habari za kwao, kwa Kiswahili tupu. Watu wa kwao walitokea wapi, wanakula nini, wanazikana vipi, wanagombania nini. Wengine wote wanakuwa jikoni.

Nilikwepa zamu yangu mara kadhaa. Kazi yangu ni kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini huko Flemingsberg, na kazi ya zamu ni kisingizio kizuri. Mwezi wa pili sikuwa na kisingizio.

“Leo ni leo!” akapaza sauti rafiki yangu mmoja Mchaga, kijiko cha mbao mkononi. “Watoto, huyu ni Mpare. Mkisikia neno kesi msiogope, kwao ndiyo salamu.”

“Nenda kageuze nyama yako,” nikamwambia, “kabla hujaifungulia duka.”

“Papa, sema polepole,” akaniomba mama mmoja wa Kikongo, akinikabidhi mwanawe. “Wa kwangu anasikia kidogo kidogo.” Kisha mlango wa jiko ukafungwa, nikabaki na watoto wamekaa chini kwenye zulia, binti yangu wa miaka kumi mbele kabisa, mikono kwenye magoti, akinisubiri.

Nilianza vizuri. Nilisema kwetu ni milimani, kuna baridi, asubuhi ukungu unaingia hadi ndani ya nyumba. Nilisema tunakula makande. Baada ya hapo nikatafuta jambo la tatu na sikulipata. Niliondoka kijijini nikiwa mtoto wa kwenda bweni. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Tanga, kisha Mombasa, kisha nikawa mpagazi wa kupandisha mizigo ya watalii mlimani, na huko nikampata Mfaransa mmoja ambaye nilimfuata hadi kwao. Nina tabia hiyo. Nikikaa mahali nawaza pa mbele, na nikifika mbele nawaza nilipotoka. Lakini kwetu hasa, pale nilipozaliwa, sikukaa muda wa kutosha kupawaza.

“Ee, halafu?” akauliza binti yangu kwa Kiswidi.

“Halafu,” nikasema, “katikati ya kijiji kuna tanuri.”

Sijui kwa nini lilikuja hilo. Au najua. Kijiji kile cha Ufaransa nakijua nyumba kwa nyumba. Mapenzi yaliyonipeleka hayakudumu, lakini mimi nilibaki, nikafanya kazi kwa mfuga kondoo mmoja kwa miaka saba kabla ya kuhamia huku Sweden. Nyumba niliyopanga ilipakana na tanuri la kijiji, na upande wa pili wa tanuri alikaa bibi kizee mmoja aliyezaliwa humo humo kijijini. Yeye ndiye aliyenifundisha kijiji. Hakunifundisha kwa upole. Alinifokea. “Wee mrefu, usiegemeze baiskeli hapo, hapo palikuwa mlango wa mwalimu!” Kumbe shule ilishafungwa kabla sijazaliwa, na mlango ulishazibwa kwa mawe, lakini kwake ulikuwa mlango bado.

Kwa namna hiyo ya kukaripiwa nilijifunza kwamba mteremko wote ulio chini ya kanisa, ambao mimi niliuona kichaka cha kondoo, zamani ulikuwa mizabibu. Mdudu akaingia kwenye mizizi, mizabibu ikafa mlima mzima, na wanaume wakashuka kwenda migodini na mijini. Nilijifunza kwamba kwenye nguzo ya mawe yenye majina ya waliokufa vitani, ukoo mmoja umeandikwa mara tatu kwa sababu walikuwa ndugu, na mama yao hakupita tena mbele ya nguzo hiyo hadi anakufa. Alizungukia nyuma ya kanisa. Njia aliyoikanyaga bado inaonekana, na watu bado wanaipita bila kujua kwa nini. Nilijifunza kwamba nyumba zenye mbao za madirisha za rangi ya bluu ni za wageni wanaokuja mwezi wa nane tu, na kwamba padri anakuja kwa zamu kwa sababu ana makanisa mengi kuliko waumini.

Watu wa kijiji kile ni wagumu. Mwaka wa kwanza hakuna aliyeniamkia zaidi ya kutikisa kidevu. Lakini asubuhi nilikuta kabichi mlangoni, au mayai ndani ya kofia kuukuu, na ole wako ukimfuata mtu kumshukuru. Gari la mkate lilipita mara mbili kwa wiki likipiga honi, na hapo ndipo watu walipoonana, kila mmoja na mkate wake kwapani, wakisema habari za mvua.

Na tanuri. Lilikuwa la mawe, kubwa kiasi cha mtu kutambaa ndani, na siku hizi linawashwa mara moja kwa mwaka kwa ajili ya sikukuu. Zamani, bibi kizee alisema, kila kaya ilioka mikate ya wiki mbili kwa mkupuo. Shida ilikuwa nani aanze. Tanuri likiwa baridi linakula kuni nyingi mno. Wa kwanza anateketeza mzigo mzima wa matawi kuyapasha moto mawe, wa pili anaongeza kidogo, wa tatu anaingiza mkate wake karibu bure. Mwisho kabisa, moto ukishakuwa wa huruma, wanawake waliingiza matunda yakauke. Kwa hiyo walipiga kura: vijiwe vyenye mikwaruzo ndani ya kofia, na aliyevuta kijiwe cha mkwaruzo mmoja alitukana kidogo, kisha akaenda kuchukua kuni zake. Kulikuwa na kaya mbili zilizonuniana kwa ajili ya ukuta, ugomvi uliorithiwa toka kwa mababu. Kura ikizifuatanisha, wa kwanza aliondoka akaacha mlango wa tanuri wazi, na wa pili akaingia, bila neno. Joto lisingewasubiri wamalize kununa.

Hayo yote niliwaeleza watoto wa Akalla. Nilitoa mizabibu nikaweka kahawa. Nilitoa padri wa zamu nikaacha kengele ya kanisa lake. Niliwapa kabichi mlangoni na kofia ya vijiwe. Kiswahili changu kilitiririka kama sijawahi kuwa na shida nacho. Mtoto mmoja akauliza nani alikuwa anapiga kengele, nikasema, “Babu yake huyu,” nikamwelekeza kidole binti yangu. Nikamwona anavyonyooka mgongo.

Nilipoinua macho mlango wa jiko ulikuwa umeshafunguliwa na watu wanaleta vyakula. Mchaga hakusikia kitu. Angesikia angenivunja mbavu kwa kicheko na mambo yangeishia hapo. Nilimtazama binti yangu akiwasimulia wenzake kwa Kiswidi upya, tanuri la kwao, babu wa kwao, nikajiambia nitamrekebisha tukifika nyumbani. Tulipofika nyumbani mama yake alikuwa ametoka zamu na amelala, nikajiambia kesho.

Kesho yake ikawa miezi miwili. Katikati tulipata likizo na tukapanga safari: mwezi wa saba, sisi watatu, Upare, mara ya kwanza kwa binti yangu na kwa mama yake ambaye ni Mkenya. Kwangu ni mara ya kwanza tangu baba afariki. Alipofariki makaratasi yangu ya kuishi Sweden yalikuwa bado, ningetoka nisingerudi. Hilo ni kweli na kila mtu kwetu analijua na hakuna aliyenilaumu. Ila makaratasi yalipotoka, safari ya kwanza niliyofanya ilikuwa kwenda Ufaransa.

Siku ile ya Jumapili binti yangu alikuwa ametaka mwenyewe kumpigia bibi yake. Nilikuwa nachambua maharage ya kutia kwenye makande, simu iko mezani, sauti wazi.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu! Kumbe unajua kusema! Mje na masweta, huku mwezi wa saba si mchezo.”

“Bibi,” akasema, akiyapanga maneno moja moja, “tukija, tutawasha tanuri? Nataka kuvuta kijiwe. Baba amesema.”

Niliacha kuchambua maharage. Kisha mama yangu akasema, bila haraka:

“Tutawasha, mjukuu wangu. Kwa nini tusiwashe?”

“Na kengele ya Babu bado ipo?”

“Ipo.”

“Naomba nivute kijiwe cha mwisho. Cha kwanza kibaya.”

“Utavuta unachotaka. Haya, mpe baba yako simu, ukacheze.”

Binti akaenda chumbani kwake akiruka. Nikazima sauti ya wazi nikaweka simu sikioni. Nilitegemea kukaripiwa. Ndipo aliponiuliza upana wa tanuri.

“Mama,” nikasema, “usijenge kitu.”

“Sasa atakuja akute nini? Mtoto ameshaniomba na mimi nimeshakubali. Unataka nionekane muongo?”

“Muongo ni mimi.”

“Hilo nimelijua kabla hajamaliza kusema,” akanijibu. “Nakuuliza upana.”

Nikamwambia ukweli, wote. Kwamba tanuri ni la Ufaransa, kijiji nilichokaa miaka saba. Akasema kitu ambacho sikukitegemea.

“Miaka saba, na mimi sijui hata nyumba yako ilitazama wapi. Ulikuwa unaniambia ‘mzima, Mama, kazi ipo.’ Nikawa nawaza labda ni mahali pa shida hutaki niumie. Nieleze.”

Nikamweleza, makande yakichemka. Nilimweleza mizabibu iliyokufa, yule mama aliyezungukia nyuma ya kanisa, kabichi mlangoni. Alicheka kwa zile kaya mbili za ukuta. “Hao ni Wapare waliopotea,” akasema. Akauliza kondoo wao wana mkia mnene au mwembamba. Akauliza huyo bibi kizee aliyekuwa ananikaripia yuko vipi siku hizi.

“Alifariki, Mama. Mwaka juzi.”

“Pole. Ulipata habari?”

“Nilipata.” Ningeweza kuishia hapo. “Nilikwenda kumzika.”

Nilisikia jogoo upande wake, na mtu anapita nje akimsalimu, na yeye hakumwitikia.

“Ulifanya vizuri,” akasema. “Mtu azikwe na watu.”

Hakusema zaidi ya hapo. Angesema, “Na baba yako?” ningekuwa na la kujibu, maana jibu hilo nimelibeba miaka mingi, makaratasi, tarehe, ofisi. Nikabaki nalo mdomoni. Nilikumbuka nilivyosimama kwenye makaburi ya kule, kofia mkononi, nikijua kila jina kwenye kila jiwe, nikijua nani amelala karibu na nani na walinuniana kwa nini. Kaburi la baba yangu nimeliona kwenye picha ya simu. Sijui hata limeelekea upande gani wa shamba.

“Walikuwa wanapiga kura,” mama akasema, kama anarudia somo. “Nani aanze kuwasha.”

“Ndiyo.”

“Na ambaye hataki kuanza?”

“Alikuwa anaanza tu. Wengine wote wanamsubiri yeye.”

“Basi mwite mtoto.”

Nilisema ngoja kwanza tule. Nilisema mama yake amelala. Nilisema labda tukifika huko, akiona mwenyewe, itakuwa rahisi.

“Mwite,” akasema. “Mimi nipo hapa hapa kwenye simu, siendi kokote. Nikikata wewe utangoja hadi matofali yakauke.”

Nikamwita. Akaja na kalamu za rangi mkononi. Alikuwa anachora, nadhani mnajua alichokuwa anachora. Nikaweka simu mezani, sauti wazi, nikamkalisha. Nikaanza kwa Kiswahili, nikaona haelewi vizuri, nikarudia kwa Kiswidi changu kibovu, kwa hiyo ilinibidi niseme mara mbili. Tanuri halipo. Kofia ya vijiwe haipo. Kengele haipo, ni ya kanisa la watu wengine, mahali nilipoishi zamani. Nilichukua hadithi ya kwao nikasema ni ya kwetu.

Alinitazama. Hakulia, na afadhali angelia.

“Bibi amesema ipo,” akasema.

“Bibi alikuwa ananifichia mimi.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu ni mama yangu.”

Akafunika kalamu moja, akafunika nyingine.

“Na Babu?” akauliza. “Na yeye ulimtunga?”

“Hapana. Babu alikuwepo.”

“Kweli?”

“Kweli kabisa.”

“Alikuwa anafanya nini, kama hapigi kengele?”

Baba yangu alikuwa mkulima. Alikuwa mtu wa maneno machache. Asubuhi nilikuta nyayo za tope kwenye sakafu, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake, na mama akinituma nichukue tambara. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Tope la nini, sikuwahi kuuliza.

“Mama,” nikaiambia simu, “tope lile la asubuhi lilikuwa la nini?”

“La ndiva,” mama akasema. “Hujui? Baba yako ndiye aliyekuwa anafungua ndiva.”

Binti akaniangalia. Hilo neno nililikumbuka, bwawa la kijiji, tulikuwa tunakatazwa kuogelea. Zaidi ya hapo mama ndiye aliyesema na mimi nikawa natafsiri, sentensi kwa sentensi. Kwamba mto wetu ni mdogo, hautoshi kumwagilia, kwa hiyo wazee wa zamani walichimba bwawa la kukusanya maji usiku kucha. Kwamba alfajiri mtu anaingia kwenye maji ya baridi hadi kiunoni, anazibua tundu lililozibwa kwa gogo na udongo, na maji yanashuka mferejini hadi kwenye mashamba, kwa zamu, kaya kwa kaya. Kwamba baba alipewa kazi hiyo akiwa kijana na akaifanya hadi miguu ilipokataa. Kwamba ikiharibika kingo, panapigwa pembe, kijiji kizima kinatoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja, na asiyetoka anatozwa mbuzi.

“Zamu ya kwanza ilikuwa yake vilevile,” mama akasema. “Watu hawaitaki ile. Mfereji ukiwa mkavu unakunywa maji njiani, yanafika shambani kidogo. Yeye alisema, mimi si nimeshalowa? Basi nianze mimi.”

Nililitafsiri hilo vibaya. Nilikosa neno la Kiswidi la mfereji, nikaonyesha kwa kidole juu ya meza, hapa bwawa, hapa maji yanapita, hapa shamba letu. Binti akasema neno lenyewe, lile la shule, akanikosoa na matamshi. Kisha akasogea karibu na simu, akanipa mgongo kidogo, akauliza kwa Kiswahili chake cha neno moja moja:

“Bibi, ndiva ipo kweli? Sema wewe. Si Baba.”

“Ipo, mjukuu wangu. Ina majani kidogo pembeni, lakini ipo. Na kaburi la babu yako liko hapo juu yake. Ukisimama kaburini unaiona yote.”

Akageuka kunitazama ili nimtafsirie. Nilimweleza bwawa. Kuhusu kaburi nilichelewa kidogo, kwa sababu nami ndiyo kwanza nilikuwa nasikia lilipo. Makande yalianza kunukia kuungua, na hakuna kati yetu aliyeinuka kuyatazama.